Jina Lililobaki Chini ya Weusi

Kisa hiki nimekitunga. Hakuna ofisi ya namna hii mjini Tarime wala Mugumu, na msomaji asijisumbue kukisia wahusika ni akina nani. Ila vitu vilivyomo si vya kutunga: programu ninazozitaja zinafanya kazi hivyohivyo ninavyoeleza, sheria ndizo hizo, msimu ndio huo, na kosa lenyewe limekwisha kufanywa na watu wenye ofisi kubwa mno kuliko hii.

Ofisi ina vyumba viwili, nyuma ya stendi ya Tarime. Kazi yake ni kupokea taarifa za wasichana wanaotaka kukimbia ukeketaji, kuzifikisha kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na kwa Ustawi wa Jamii, kisha kumsindikiza msichana mpaka nyumba salama. Ni Desemba, shule zimefungwa, na hakuna mtu wa Tarime au Serengeti anayehitaji kuelezwa Desemba huja na nini. Koo za Wakurya hupokezana misimu. Mwaka ambao zamu imefika, barabara za vijijini husikika ngoma na nyimbo za kuwasindikiza watahiriwa, na wapo wasichana wanaohesabu siku kwa hofu. Sheria ilikataza tangu 1998, pale Kanuni ya Adhabu ilipoongezewa kifungu cha 169A: anayemkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 anaweza kufungwa kati ya miaka 5 na 15. Lakini sheria iko kitabuni na msichana yuko kitongojini. Kinachowaunganisha mara nyingi ni simu ya mtu mmoja tu, mwalimu, jirani, bibi, au kama ilivyo katika kisa chetu, shangazi.

Shangazi huyu ana simu ya kitochi na boma lake halifiki hatua mia kutoka kwa kaka yake. Alipiga usiku, akanong'ona, akataja jina la binti wa kaka yake na siku iliyopangwa. Binti akachukuliwa mapema, salama. Namba ya shangazi ikaandikwa kwenye jedwali la ofisi, safu ya mwisho kulia: mtoa taarifa.

Sasa kompyuta. Ni kompyuta mpakato ya msaada, imechoka, mfuniko wake umefungwa kwa gundi ya karatasi. Windows iliyokuwamo ilikuwa ya kuchakachua, na kila flashi iliyorudi kutoka steshenari ilirudi na virusi, mpaka siku kijana wa kujitolea, mwenye diploma ya kompyuta aliyoisomea Mwanza, alipoifuta yote na kuweka Linux Mint. Kompyuta ikafufuka. Ikaja na LibreOffice ya kuandikia na kupigia hesabu, na Xreader ya kusomea PDF, vyote bila kulipia hata senti.

Kwa hilo kijana alikuwa na haki ya kutembea kifua mbele. Nchi hii imewahi kuwa na watu waliolitazama jambo hilo mbali zaidi kuliko wengi wetu tunavyokumbuka: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. LibreOffice ya leo ni ya ukoo huohuo. Ilijitenga na OpenOffice mwaka 2010. Ofisi ndogo ya mkoani isiyo na fungu la leseni haina njia iliyo bora kuliko hii, na anayesoma kisa hiki kama onyo dhidi ya Linux amekisoma kichwa chini miguu juu. Kosa lililofuata lingefanyika kwenye Windows vilevile, na kwenye kompyuta ya bei kubwa zaidi Dar es Salaam.

Asubuhi moja mfadhili akaandika barua pepe. Anataka ripoti ya msimu kabla ya saa kumi na moja jioni, yenye jedwali la kesi, lakini majina yasionekane.

"Mama, shikamoo. Jamaa wanataka lile jedwali, ila bila majina."

"Marahaba. Si tunalo?"

"Tunalo kwa PDF tu. Lile la kuandikia alikuwa nalo dada aliyeondoka."

Mama mratibu akavua miwani. "Sasa utalibadilishaje, mura? PDF si haibadiliki?"

"Inabadilika, Mama. Linux inafungua kila kitu."

Hapo wote wawili walikuwa wamekosea, kila mmoja kwa upande wake. Mama aliamini kwamba PDF ni karatasi iliyokauka wino. Kijana aliamini kwamba kuifungua ni kuitawala. Akalifungua faili kwa LibreOffice Draw, na kweli likafunguka: kila mstari ukawa kisanduku cha maandishi kinachoshikika kwa kipanya, herufi zikisogea kidogo hapa na pale kwa kuwa fonti ya asili haikuwamo kwenye kompyuta. Angeweza kubofya kila jina na kulifuta herufi kwa herufi. Lakini majina yalikuwa mengi, muda ulikuwa unakimbia, na kando ya dirisha kulikuwa na kitufe cha kuchora mstatili. Akachora mstatili mweusi juu ya safu ya majina, wa pili juu ya majina ya baba, wa tatu juu ya namba za simu. Akahifadhi kama PDF mpya. Kwa uangalifu ambao ni lazima asifiwe, akachapa nakala moja na kumpelekea Mama.

"Angalia mwenyewe. Kuna jina hapo?"

Mama akaigeuza karatasi, akaiinua kuelekea dirishani, mwanga ukapita. Hakuona kitu. Karatasi ile haikuwa na uongo wowote. Kama ripoti ingepelekwa kwa basi ndani ya bahasha, kisa kingeishia hapa.

Lakini ilikwenda kama faili. PDF ilitoka katika kampuni ya Adobe mwaka 1993, kutokana na wazo la mwanzilishi wake mmoja, John Warnock, la hati inayoonekana namna ileile kwenye kila kompyuta na kila printa. Mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO, ndiyo maana programu huria zinaweza kuisoma na kuiandika bila kuomba ruhusa kwa mtu. Ukiifungua ndani huikuti picha ya ukurasa. Unakuta maagizo: hapa andika neno hili kwa fonti hii, hapa chora mstari, hapa jaza mstatili kwa rangi nyeusi. Programu ya kusomea huyatekeleza agizo baada ya agizo, la mwisho likilalia la kwanza. Agizo la mstatili halifuti agizo la jina. Yote mawili yamo, na mwenye kuliomba faili maandishi yake hupewa maandishi, kwa sababu mstatili si maandishi. Kijana alikuwa ametandika kitambaa juu ya kochi lenye doa.

Jioni ripoti ilikwenda kwa mfadhili kwa barua pepe, na kwa kuwa halmashauri nayo ilikuwa inaidai, ikawekwa pia kwenye kundi la WhatsApp la wadau. Kundi lile lilikuwa na walimu, watendaji wa kata, diwani, viongozi wa dini, maafisa. Mtendaji mmoja akaandika kwamba simu yake imejaa, faili halifunguki. Mwalimu mkuu mmoja, mtu wa kusaidia watu, akalifungua kwenye simu yake, akakandamiza kidole juu ya jedwali mpaka likageuka buluu lote, akanakili, akabandika kwenye ujumbe wa kawaida na kutuma. Hakusoma alichokibandika. Ujumbe ulikuwa mrefu na yeye alikuwa anawahi gari la mwisho la Nyamwaga.

Ujumbe ulikuwa na kila kitu.

Katika kisa hiki hakuna mdukuzi, hakuna jasusi, hakuna adui aliyekaa gizani na kompyuta. Kuna watu watatu wema: mmoja alikuwa na haraka, mmoja alitazama karatasi, mmoja alitaka kumsaidia mwenzake. Tunapozungumzia usalama wa taarifa huwa tunamtafuta mtu mbaya kwanza, nadhani kwa sababu inatufariji. Mara nyingi hahitajiki.

Mwaka 2000 gazeti la New York Times liliweka kwenye mtandao ripoti ya siri ya CIA juu ya mapinduzi ya Iran ya 1953. Wahariri walifunika majina ya Wairani walioshirikiana na Wamarekani, na sababu yao ilikuwa ileile ya ofisi yetu ya Tarime: familia za watu hao zingeweza kulipiziwa kisasi. Walifunika kwa weusi juu ya maandishi. John Young wa New York, mwenye tovuti ya Cryptome, alikuwa akiisoma kwenye kompyuta ya kizamani iliyokuwa nzito kiasi kwamba majina yalijitokeza kwanza na weusi ukafuata nyuma yake. Akausimamisha ukurasa katikati, na majina yakawa mbele yake. Tangu hapo ni zaidi ya miaka ishirini, na watu hawajaacha. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha mahakamani hati yenye mistari myeusi, na waandishi wa habari wakainakili na kuibandika wakasoma kilichofichwa. Januari 2021 Tume ya Ulaya ilitoa mkataba wake wa chanjo na AstraZeneca ukiwa umefunikwa. Safari hii maneno yalibaki kwenye alamisho za pembeni, zile zinazomsaidia msomaji kuruka kutoka sura hadi sura. Kama ndivyo walivyo mawakili wa Washington, simlaumu sana kijana wa Tarime. Ila mawakili wale waliaibika tu.

Shangazi hakuwa na aibu ya kuona. Alikuwa na namba kwenye safu ya mwisho kulia, na katika nchi ya pesa za simu namba ni jina. Mtu huingiza namba kana kwamba anatuma shilingi 500, na kabla hajaweka namba ya siri mtandao humwonyesha jina la mwenye laini. Halafu anafuta muamala. Haimgharimu chochote. Ujumbe wa mwalimu mkuu ulikwenda kwa mtendaji, simu ya mtendaji hutumiwa na mpwa wake, na kesho yake mchana kwenye kilabu cha pombe cha kijiji mtu alikuwa anasoma namba kwa sauti huku mwingine akiziingiza.

Kaka mtu hakuja na panga, kama msomaji wa mbali anavyoweza kutarajia kwa kuwa ameshasikia hadithi nyingi za Tarime. Alikuja na wazee wawili wa ukoo, wakakaa, wakapewa maji. Aliuliza swali moja, kama ng'ombe wa mahari ya binti yake ni dada yake ndiye atakayewalipa. Baada ya hapo hakuna aliyemsemesha shangazi. Mtoto wake alirudishwa kutoka kisimani na ndoo tupu. Mahindi yake yaliingiliwa na mifugo usiku ambao kila mtu alilala usingizi mzito. Kabla ya mwaka mpya alifunga virago, akapanda gari la Sirari na watoto wake wawili. Binti aliyemwokoa hakuguswa. Alikuwa kwenye nyumba salama, na ilibidi ahamishwe nyingine kwa kuwa wadau wengi walikuwa wanajua ya kwanza iko wapi.

Kijana alifanyaje, na angefanyaje? Jambo la kukera ni kwamba chombo sahihi kilikuwa ndani ya programu ileile aliyoifungua. Tangu toleo la 6.3 la mwaka 2019, LibreOffice ina agizo liitwalo Redact chini ya menyu ya Tools. Ukilitumia, hati hugeuzwa kurasa za picha; unachora mistatili yako, kisha unatoa PDF ambayo ndani yake hamna hata neno moja la maandishi, ni vinukta vya rangi tu. Kilichofunikwa kimetoweka kwa sababu hakikunakiliwa. Hasara zipo: faili huwa zito, haliwezi kutafutwa neno, na mtu asiyeona anayesomewa hati na kompyuta hatasomewa kitu. Kwa ripoti ya namna hii hasara hizo zinabebeka.

Asiyependa menyu anazo amri. Chora mistatili yako kwa programu yoyote, Draw, Xournal++ au nyingineyo, kisha kabla ya kutuma geuza kila ukurasa kuwa picha: pdftoppm -r 150 -png ripoti.pdf ukurasa. Halafu zikusanye tena kwa img2pdf ukurasa*.png -o ripoti-safi.pdf. Amri ya kwanza imo katika kifurushi cha poppler-utils, ya pili huwekwa peke yake, na zote mbili ni za bure. Ukizizoea, kazi ni ya dakika.

Halafu kuna kupima, na hapa ndipo ningemshika kijana sikio. Alipima kwa printa, wakati kilichokuwa kinasafiri ni faili. Kipimo cha faili ni kuliomba maandishi yake: pdftotext ripoti-safi.pdf - , pamoja na kile kistari cha mwisho, nacho humwaga kwenye dirisha la amri maandishi yote ya kurasa zake. Likitoka jina hata moja, usitume. Likitoka tupu, bado angalia pdfinfo, ambayo huonyesha kichwa cha hati na jina la mwandishi vilivyojificha kwenye maelezo ya faili. Asiye na ujasiri wa kuandika amri anaweza kufungua hati, kubonyeza Ctrl na A, kisha kunakili na kubandika kwenye ukurasa mtupu. Ndicho alichokifanya mwalimu mkuu, bila kukusudia, na ndicho kipimo kilichokuwa kimekosekana.

Na pana mitego ambayo haina mstatili mweusi kabisa. PDF imeruhusiwa kubadilishwa kwa kuongezewa kipande mwishoni, na toleo la zamani likabaki juu lilivyokuwa. Programu kadhaa huhifadhi hivyo kwa kuwa ni haraka. Hata ExifTool, chombo kinachosifiwa kwa kufuta maelezo ya mafaili, mwandishi wake ameonya mwenyewe kwamba ikifuta maelezo ya PDF huwa inayaficha tu, na yanaweza kurudishwa. Ni lazima faili lijengwe upya, kwa mfano kwa qpdf --linearize, ndipo yaondoke. Kukata kingo za ukurasa nako mara nyingi hupunguza dirisha la kuonyeshea, na kilichokatwa kikabaki nje ya fremu kikisubiri. Dokezo jeusi la Okular, programu nyingine ya kusomea PDF, ni dokezo tu. Mwenye kulifungua faili kwa programu nyingine hulifuta kwa kitufe kimoja. Maandishi yaliyopakwa rangi nyeupe yamo. Sitaki kumtisha mtu. Nataka ajue kwamba neno "hifadhi" kwenye programu halina ahadi ya "futa".

Lakini tuseme kijana alifanya yote hayo. Redact, picha, pdftotext, kila kitu. Bado ningekuwa na wasiwasi, na wasiwasi huu ndio ninaouona mkubwa zaidi, japo hauhusu kompyuta. Safu zilizobaki bila kufunikwa zilikuwa umri, darasa, shule, kitongoji, ukoo, na tarehe ambayo taarifa ilipokelewa. Mfadhili aliyeko Ulaya anasoma: msichana wa miaka 12, darasa la sita. Haoni mtu. Mtu wa kitongoji hicho anasoma mstari huohuo na anamwona, anajua hata sauti yake. Wasichana wa darasa la sita wa shule ile, wa ukoo ule, waliopotea nyumbani wiki ile, si wengi, ni mmoja. Na anayejua msichana ni yupi huanza kujiuliza nani alikuwa karibu naye usiku ule, akarudi kwa shangazi bila kuhitaji namba ya simu. Mistatili mitatu myeusi iliyopangwa vizuri inaweza hata kumpa mwandishi wa ripoti utulivu asiostahili. Katika mji wa watu milioni, jina ndilo linalomtambulisha mtu. Kitongojini jina ni la mwisho kuhitajika.

Jambo hili lina uzito wake pekee katika wilaya hizi mbili, kwa kuwa hapa programu huria zimewahi kufanya kazi iliyonyooka. Mradi wa Crowd2Map ulianza mwaka 2015, na maelfu ya watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali wakakaa kwenye kompyuta zao wakichora barabara, nyumba na mito ya vijijini Tanzania kwenye OpenStreetMap, ramani huria, kwa kuangalia picha za setelaiti. Wa vijijini wakaongeza majina ya mahali. Kabla ya hapo, sehemu kubwa ya vijiji vya Serengeti ilikuwa weupe mtupu kwenye ramani za mtandaoni, na gari la polisi lililoitwa usiku liliweza kuzunguka mpaka alfajiri likitafuta boma. Shirika la Hope for Girls and Women la Rhobi Samwelly, lenye nyumba salama Mugumu na Kiabakari, limezitumia ramani hizo kuwafikia wasichana, na lina wahamasishaji vijijini wanaotuma taarifa kwa simu. Tarime nako, Masanga, kuna kituo ambacho kwa miaka mingi kimewapokea wasichana wakati wa msimu. Ramani inamwambia mwokoaji boma liko wapi. Jedwali linamwambia kila mtu. Vyote viwili vinatoka kwenye kompyuta za aina moja, na mara nyingine kwenye mikono ya mtu mmoja.

Sheria nayo ipo sasa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za watoto imeziweka kwenye fungu la taarifa nyeti. Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Ofisi yenye vyumba viwili na kompyuta iliyofungwa kwa gundi nayo ni mkusanyaji wa taarifa mbele ya sheria hiyo. Sidhani kama wengi wa wanaoandika majedwali ya namna hii mkoani wamekwisha kuisoma, na siwalaumu, maana hakuna aliyewafuata nayo.

Tumalizie kwa kijana. Alijua siku ya pili, mwalimu mkuu mwenyewe alipompigia akilia. Akaomba ujumbe ufutwe; WhatsApp humruhusu mtumaji kufuta kwa wote ndani ya muda fulani, na mwalimu mkuu aliufuta, lakini waliousambaza walikuwa wameshatuma wao, na ule uliosomwa kilabuni hauna kitufe. Akataka kuacha kazi. Mama mratibu akamkatalia, kwa sababu ambayo haikuwa ya upole: alisema anayejua namna hii ilivyotokea ni yeye peke yake, na akiondoka atakuja mwingine kuirudia.

Desemba iliyofuata zamu ilipofika tena, simu kutoka kata ile hazikuja. Kata za jirani zilipiga.

Ofisi ilibadilisha mambo machache. Majina na namba za watoa taarifa zimo kwenye daftari la karatasi, ndani ya kabati lenye ufunguo, na kila kesi ina namba yake ya siri isiyoanza na herufi ya kijiji. Jedwali la kompyuta lina namba hiyo tu. Kinachotoka ofisini kwenda popote kinapimwa na mtu ambaye hakukitengeneza, kwa pdftotext, na Mama mratibu amejifunza kuiandika amri hiyo mwenyewe, kwa kidole kimoja, akitamka herufi moja moja. Kompyuta ni ileile na bado ina Linux Mint.

Ripoti ya msimu huo ilikwenda kwa mfadhili ikiwa na idadi tu: wasichana wangapi, kata zipi, wangapi wamerudi shule. Hapakuwa na umri wa mtu mmoja mmoja, wala darasa, wala kitongoji, wala mstatili wowote mweusi. Mfadhili alijibu kesho yake kwamba imepokelewa na akashukuru. Hakuuliza safu zile zimekwenda wapi.